Kwa Nini Mkoa Huu Umetangulia na Ule Umebaki Nyuma?

Somo la kusomwa katika vikundi



Padre wetu ameniomba niandike somo la kusomwa katika vikundi kabla ya mkutano wa Halmashauri ya Parishi. Kama mjuavyo, katika mkutano huo tutaamua fedha tulizochanga baada ya msimu wa korosho zifanye kazi gani. Kuna mawazo mawili. La kwanza ni kuezeka upya kanisa letu kubwa hapa makao makuu. La pili ni kusaidiana na serikali ya kijiji kujenga nyumba ya walimu wawili katika shule ya msingi ya mtaa wetu wa bondeni, ule ulio mbali kuliko mitaa yote.

Nimesikia maneno mengi juu ya jambo hili, barazani na sokoni. Neno moja limenikaa moyoni. Wapo wanaosema, "Mtaa ule hauchangi kitu, watu wake hawana mwamko, fedha ikipelekwa kule ni kama kumwaga maji mchangani." Mimi nimefundisha kwa miaka 38, na neno hilo nimelisikia zamani mahali pengine. Lilisemwa juu yetu sisi wenyewe, watu wa Kusini. Kwa hiyo nimeona vema tujifunze kwanza jinsi mikoa ya nchi yetu ilivyopata kutofautiana, ndipo tuzungumze habari za bondeni.

1. Tofauti zikoje?

Mwaka 2017/18 Serikali ilifanya uchunguzi wa mapato na matumizi ya kaya Tanzania Bara. Ilionekana kwamba katika kila watu 100, watu 26 hivi walikuwa chini ya mstari wa umaskini, yaani hawakuweza kupata mahitaji ya lazima ya chakula na mengineyo. Lakini hesabu hiyo ni ya nchi nzima. Dar es Salaam walikuwa 8 tu katika kila 100. Rukwa walikuwa 45. Hapa Kusini, katika mkoa wa Lindi, walikuwa 38.

Angalieni vizuri: nchi ni moja, sheria ni moja, fedha ni moja. Mtoto aliyezaliwa Rukwa na yule aliyezaliwa Dar es Salaam huimba wimbo mmoja wa taifa kila asubuhi. Hata hivyo, mmoja ana nafasi ya kuzaliwa maskini kupita mwenzake zaidi ya mara tano. Jambo la namna hii lazima liwe na sababu, na kazi ya somo hili ni kuitafuta.

2. Je, ni maumbile?

Jibu la kwanza ambalo watu hutoa ni kwamba Mungu ameziumba nchi mbalimbali. Ni kweli kwa sehemu. Udongo wa Kilimanjaro ni wa mlima uliotoka moto, una rutuba, na mito hushuka kutoka juu. Kwetu, juu ya uwanda wa Makonde, mchanga hunywa mvua yote, na maji hutokea chini kabisa kwenye miteremko. Bibi zetu waliteremka usiku na kupanda alfajiri na mitungi kichwani. Mwanamke atumiaye nusu ya siku kutafuta debe la maji hawezi kulima shamba sawa na yule ambaye mfereji unapita nyuma ya nyumba yake.

Lakini maumbile hayatoshi kueleza yote. Tazameni Kagera. Ina mvua nyingi, ina ndizi na kahawa, na shule zilianza huko mapema. Zamani ilihesabiwa pamoja na Kilimanjaro katika mikoa iliyotangulia. Miaka ya karibuni imehesabiwa miongoni mwa mikoa ambayo pato la kila mtu ni dogo. Mvua haikuondoka. Mambo mengine yalitokea: bei ya kahawa ilianguka, vita vya mwaka 1978 na 1979 vilipiganwa katika ardhi yake, ugonjwa wa Ukimwi ukaingia huko mapema, ugonjwa wa migomba ukafuata, na njia ya kwenda sokoni ni ndefu mno. Basi, mkoa waweza kutangulia kisha ukapitwa. Hakuna mkoa ulioandikiwa nafasi yake daima.

3. Njia ilipita wapi?

Mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga. Mwaka 1911 ilifika Moshi, na baadaye, mwaka 1929, Waingereza waliifikisha Arusha. Reli ya Kati ilianza Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma mwaka 1914. Katika miaka hiyohiyo Kusini kulikuwa na Vita vya Maji Maji, mwaka 1905 hadi 1907. Serikali ya Kijerumani ilichoma mashamba na maghala, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Wenzetu walipokuwa wanapata reli, sisi tulikuwa tunazika.

Mahali reli ilipofika, mkulima aliweza kuuza. Wachaga walipanda kahawa, wakaunda chama chao mwaka 1925, kisha mwaka 1933 chama cha ushirika kijulikanacho kama KNCU. Ushirika huo ulipata ushuru wa kahawa, na ushuru ukasaidia kujenga shule na kulipa karo. Tusiseme walipewa bure. Walifanya kazi kwa bidii na kwa umoja, nasi tuwape heshima yao. Lakini bidii yao ilikuta njia ya gari moshi imekwisha pita mlangoni.

Tena si kila reli huleta neema. Kigoma ilifikiwa na reli mapema kuliko Arusha, lakini wakoloni hawakuitazama kama mahali pa kulima mazao ya kuuza. Waliitazama kama mahali pa kuchukua wafanyakazi. Waha walipanda gari moshi kwenda kukata mkonge Tanga. Wabena na Wangoni walichukuliwa vivyo hivyo, na Wamakonde wengi walikwenda huko pia. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda ofisi yao ya kuandika vibarua, SILABU. Watu hao waliitwa manamba, kwa sababu kila mmoja alipewa namba. Kijana mwenye nguvu aliondoka. Nyumbani walibaki mama, wazee na watoto. Alirudi na blanketi na fedha kidogo, na mara nyingine na kifua kibovu. Nguvu za mikono yake zilibaki Tanga.

Hapa tuandike jambo la kwanza la kukumbuka: njia yaweza kuleta mali, na njia ileile yaweza kuichukua. Inategemea imejengwa kwa ajili ya nani.

4. Reli ya karanga

Watoto wengi wa leo hawajui kwamba Kusini nasi tuliwahi kuwa na reli. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea, kwa sababu baada ya vita vya pili watu wake walikosa mafuta ya kupikia. Matrekta yaliletwa, misitu ikang'olewa, mji wa Nachingwea ukajengwa. Reli ilijengwa kuunganisha Nachingwea na pwani, na bandari ya Mtwara ikachimbwa ipokee meli kubwa. Ilifunguliwa mwaka 1954.

Lakini mpango wenyewe ulikuwa umekwisha kufa. Mvua haikunyesha kama walivyopanga ofisini, ardhi ya Kongwa ilikauka ikawa ngumu kama tofali, mashine ziliharibika. Mwaka 1951 uliachwa, baada ya kutumia pauni milioni 36 hivi. Reli yetu iliendelea kidogo bila mzigo wa kutosha, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifungwa na vyuma vikang'olewa.

Kwa nini reli ya Moshi ilibaki na yetu ikaondolewa? Kwa sababu ya Moshi ilikuta wakulima wakawa wateja wake. Ya kwetu ilijengwa kwa karanga za watu wengine. Hakuna aliyewauliza wakulima wa Nachingwea au Masasi wanahitaji kusafirisha nini. Karanga ziliposhindwa, wenye hesabu waliangalia vitabu wakasema, "Kusini hakuna mzigo." Bila reli, mzigo ulizidi kukosekana. Kisha wakasema, "Mnaona? Hakuna mzigo." Huo ndio mduara, ndugu zangu. Mahali hakuna kitu kwa sababu hapakupelekwa kitu, na hapapelekwi kitu kwa sababu hakuna kitu.

5. Shule bila soko

Wengine watasema kilichopunguka ni elimu. Hapo nasi wa Kanisa hili tuna ushahidi wetu. Askofu Edward Steere aliwaleta watu walioachwa huru kutoka utumwani wakakaa Masasi mwaka 1876, na shule ikaanza. Hiyo ni miaka 35 kabla ya reli kufika Moshi. Dayosisi ya Masasi ilianzishwa mwaka 1926. Walimu, waganga na makarani wengi walitoka huku, na Rais wa Awamu ya Tatu, Benjamin Mkapa, alizaliwa wilaya ya Masasi. Basi, hatukuwa watu wa gizani.

Lakini waliosoma walikwenda wapi? Walikwenda Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar, mahali penye kazi. Shule peke yake, bila njia, bila soko na bila maji, huwafundisha watoto kuondoka. Kijiji hugharamia malezi ya mtoto, na mji hupata mfanyakazi aliyekwisha kutengenezwa.

Kizuizi chetu kikubwa kilikuwa mto Rufiji. Wazee wenzangu mnakumbuka. Nilipokuwa kijana, kusafiri kwenda Dar es Salaam wakati wa masika kulikuwa kama kutupa kura. Malori yalipanga mstari ng'ambo ya mto, pantoni haivuki, chumvi na sukari zinapanda bei Lindi, na mgonjwa wa rufaa anamngojea Mungu. Daraja lenye urefu wa mita 970 lilifunguliwa mwaka 2003, nalo lina jina la Mkapa. Hiyo ilikuwa miaka 42 baada ya Uhuru. Lami ya safari nzima ilikuja baadaye zaidi. Na hata sasa njia hiyo ni moja tu: mwezi wa Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, maji yaliikata barabara eneo la Somanga, nasi tukajikuta kisiwani kama zamani.

6. Taifa lilijaribu nini?

Ingekuwa dhuluma kusema kwamba baada ya Uhuru viongozi hawakuliona jambo hili. Walijaribu njia nyingi, na kila njia ina fundisho lake.

Katika miaka ya 1970 nafasi za kidato cha kwanza katika shule za Serikali ziligawanywa kwa mikoa. Mtoto wa mkoa ulioachwa nyuma aliweza kuchaguliwa ingawa alama zake zilipungua kidogo kuliko za mtoto wa mkoa uliotangulia. Jambo hilo lilikuwa na uchungu: mtoto wa Kilimanjaro aliyefaulu vizuri aliachwa. Wazazi wa huko hawakukaa kulia. Kwa kupitia makanisa na michango walijenga shule zao za sekondari, nyingi sana, na pengo likarudi kwa mlango mwingine. Fundisho ni kwamba kugawa nafasi ni haki, lakini hakuondoi tofauti kama uwezo wa kujenga umebaki upande mmoja.

Mwaka 1972 ulikuja mpango wa Madaraka Mikoani, ili mipango itoke mikoani badala ya kutoka Dar es Salaam. Maafisa wengi walihamishiwa mikoani kweli. Lakini afisa anaweza kuwa karibu nasi kwa makao na bado akawa mbali kwa masikio.

Mwaka 1977 ilianza Elimu ya Msingi kwa Wote. Hapo nchi ilifanya kazi kubwa. Vijiji ambavyo havijawahi kuwa na darasa vilipata darasa, na vijana waliomaliza darasa la saba walifundishwa ualimu kijijini wakaanza kazi. Hapa Kusini watoto wa kike waliingia shuleni kwa wingi kuliko wakati wowote uliotangulia.

Katika miaka ya 2000 fedha za afya kwa halmashauri zilianza kugawanywa kwa kanuni iliyoandikwa: asilimia 70 kwa kufuata idadi ya watu, 10 kwa idadi ya maskini, 10 kwa urefu wa njia ambazo magari ya afya husafiri, na 10 kwa vifo vya watoto chini ya miaka 5. Naipenda kanuni hiyo kwa sababu inakiri wazi kwamba kuhudumia watu walio mbali na maskini kuna gharama zaidi. Kugawa sawa si lazima iwe kugawa kwa haki.

Wenzetu wa Kenya nao wana fundisho. Waraka wa Serikali yao Namba 10 wa mwaka 1965 ulisema kwamba fedha za maendeleo ziwekwe mahali ambapo zitazaa zaidi, yaani penye ardhi nzuri, mvua na barabara. Faida yake ndiyo ingesaidia mahali pengine. Ofisini ilionekana ni akili. Lakini sehemu za kaskazini, Turkana, Marsabit, Wajir na Mandera, zilingoja miaka mingi faida hiyo. Katiba yao ya mwaka 2010 ilibadili mwendo: si chini ya asilimia 15 ya mapato ya taifa yaende kaunti, na ukawekwa Mfuko wa Kusawazisha, nusu asilimia ya mapato, kwa miaka 20, kwa ajili ya maji, barabara, afya na umeme katika sehemu zilizoachwa. Yaani iliwachukua miaka 45 kuandika katika sheria kwamba faida ya mwenye nacho haimfikii asiye nacho kwa kuteremka yenyewe.

Kwetu swali hili bado lina moto. Gesi iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982, na bomba la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam lilizinduliwa mwaka 2015. Mwaka 2013 kulikuwa na ghasia Mtwara kwa ajili ya mpango huo, na watu walipoteza maisha yao. Siandiki hapa kuamua nani alikuwa na haki katika kila neno. Naandika kwamba swali lililoulizwa lilikuwa lile la manamba: mali ikitoka hapa, ni nini kitabaki hapa? Na korosho zetu ni hivyo hivyo. Viwanda vya kubangulia vilijengwa miaka ya 1970, vingi vikafungwa, na hadi miaka ya karibuni sehemu kubwa ya korosho imekuwa ikisafirishwa ghafi kwenda India na Vietnam. Kazi ya kubangua, pamoja na mshahara wake, husafiri ndani ya gunia.

7. Hesabu ya wastani

Sasa niwaandikie hesabu kama nilivyozoea ubaoni. Ni mfano tu.

Kata moja ina shule mbili, kila moja ina watoto 400. Shule ya kwanza iko barabarani, ina walimu 10. Ya pili iko bondeni, ina walimu 2. Jumla ni watoto 800 na walimu 12. Ukigawanya, kila mwalimu ana watoto 67 hivi. Taarifa inakwenda wilayani: "Kata hii mwalimu mmoja kwa watoto 67." Si habari njema, lakini si msiba. Kumbe barabarani mwalimu mmoja ana watoto 40, na bondeni mwalimu mmoja ana watoto 200. Hakuna mtoto hata mmoja katika kata hiyo anayesoma katika darasa la watoto 67. Wastani umeeleza shule isiyokuwako.

Tena mshahara hufuata mahali alipo mwalimu. Kwa hiyo shule ya barabarani hupokea fedha ya Serikali mara tano ya ile ya bondeni, bila mtu yeyote kuamua iwe hivyo. Walimu nao hununua mboga, hulipa kodi ya nyumba, huchanga kanisani. Basi barabarani pana soko, pana nyumba, pana sadaka kubwa. Bondeni hakuna. Kisha twasema, "Mtaa ule hauchangi kitu."

Tofauti ya mkoa na mkoa, ndugu zangu, imo pia ndani ya mkoa mmoja, ndani ya wilaya, na ndani ya parishi.

8. Jambo langu mwenyewe

Nisingekuwa mkweli kama ningewafundisha haya nikanyamaza juu yangu. Nilipotoka chuo cha ualimu, nikiwa kijana, nilipangwa katika shule iliyo mbali na barabara. Tulikuwa walimu watatu kwa madarasa saba. Nililala katika stoo ya shule, nikatenganishwa na magunia ya mbegu kwa pazia la khanga. Mvua ikinyesha, nilihamisha kitanda. Kufuata mshahara nilitembea siku nzima kwenda na siku nzima kurudi, na siku hizo mbili watoto wangu walikaa bila mwalimu.

Wanakijiji walinipenda. Waliniletea mihogo, na bibi mmoja alinichotea maji kila siku bila kudai senti. Nilikaa miaka mitatu. Kisha nilioa, mke wangu akashika mimba, na zahanati ilikuwa mbali. Nikaandika barua ya kuomba uhamisho, nikaenda kwenye shule ya barabarani ambako nilikaa hadi kustaafu. Huko nilikuwa mwalimu wa tisa.

Sikutenda kosa mbele ya sheria. Kila mtu mwenye akili angefanya vile. Wenye reli walifanya hesabu ya akili, wenye mkonge walifanya hesabu ya akili, nami nikafanya ya kwangu. Hivyo ndivyo pengo linavyochimbwa: si lazima kwa mtu mbaya, ila kwa watu wengi, kila mmoja akichagua mahali ambapo pamekwisha kuwa pazuri. Miaka mingi baadaye nilikutana mjini na kijana mmoja niliyemfundisha kule. Aliniuliza kwa adabu, "Mwalimu, mbona hukutuaga?" Nilikuwa nimeondoka wakati wa likizo. Swali lake sijapata kulijibu.

Lakini najua jambo moja kwa hakika. Kama kungekuwa na nyumba ya vyumba viwili yenye bati lisilovuja na tangi la kukingia maji ya mvua, ningekaa zaidi. Sijui kama ningekaa maisha. Ningekaa, labda, darasa la kwanza la wakati ule limalize darasa la saba.

9. Turudi kwenye parishi yetu

Sasa mwaona kwa nini nimewazungusha kote huko. Kanisa letu kubwa linavuja upande wa kwaya, ni kweli, nami huketi hapo. Wanaotaka kuezeka upya si wachoyo. Wengi wao ndio waliochanga zaidi. Wasidharauliwe.

Lakini tukumbuke jinsi michango inavyopatikana. Makao makuu pana mnada wa korosho, pana maduka, pana watumishi wenye mishahara. Bondeni hulipa nauli ya pikipiki kufikisha gunia moja hapa, na gharama hiyo hula sehemu ya bei. Tukisema kila mtaa upate kwa kadiri ya ulichochanga, tumeandika Waraka wetu wenyewe wa mwaka 1965. Tukisema fedha iende mahali itakapoonekana haraka, itabaki hapa kila mwaka, kwa sababu kila mwaka hapa patakuwa na jambo zuri la kufanya.

Wala tusiwafanyie watu wa bondeni kama walivyofanya wa karanga, kuamua kitu ofisini na kukipeleka. Nyumba ya walimu ni wazo letu sisi tunaozungumza hapa. Huenda wao wangetaka kisima kwanza, au kivuko cha miguu cha kuvukia kijito wakati wa masika. Hadi ninapoandika, sijasikia kwamba ujumbe umekwenda kuwauliza. Katika Halmashauri wana kiti kimoja, na wakati wa mvua mjumbe wao hafiki.

Mapendekezo yangu ni matatu. Kwanza, kabla ya kupiga kura, watu wanne waende bondeni, wawili kati yao wawe akina mama, wakawasikilize wenyeji. Pili, mkutano usogezwe hadi mjumbe wa bondeni aweze kufika. Tatu, tuandike kanuni yetu ya kugawa fedha, kwa maneno machache, ili mwaka ujao tusianze tena kubishana nani ana sauti kubwa. Kanuni hiyo ihesabu watu, ihesabu umbali, na ihesabu uhitaji.

Nami, kwa deni langu, nimetoa ahadi kwa Padre: jengo likikubaliwa, nitakwenda kukaa bondeni wakati wa ujenzi na kufundisha hesabu darasa la saba bila malipo, mradi miguu iruhusu na mwalimu mkuu akubali.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Taja jambo moja lililoletwa katika wilaya yetu kwa ajili ya watu wengine, na jambo moja lililoletwa kwa ajili yetu. Kipi kimedumu, na kwa nini?

2. Katika ukoo wako, vijana wangapi waliosoma wamebaki hapa? Ni kitu gani kingewafanya wengine warudi?

3. Je, ni haki mtaa uliochanga kidogo upate sehemu kubwa? Toa sababu za pande zote mbili.

4. Kugawa sawa na kugawa kwa haki vinatofautianaje? Toa mfano wa nyumbani kwako.

5. Ni nani katika kikundi chako amefika bondeni katika miezi 12 iliyopita? Kama hakuna, twajuaje watu wa kule wanahitaji nini?

Majibu ya swali la 3 na la 5 yaandikwe na kuletwa kwa katibu wa Halmashauri kabla ya mkutano.

Mwalimu mstaafu